Uzi: Rele ya elektroniki inakata ovyo? Tere, blindaji na waya mfupi (kabini za Goma na kwingineko)

Fundi_Karisimbi (Goma)

Jambo bakubwa. Uzi huu ni wa wale wanaofunga na kutunza rele za kinga za elektroniki (vifaa vinavyoamuru umeme ukatwe hitilafu ikitokea): kabini za 15 kV, tablo za jenereta kubwa, vituo vya pampu, hospitali zenye kuhama zenyewe kutoka mtandao kwenda grupu. Swali linalorudi ni lile lile. Rele ya zamani yenye sahani ya kuzunguka imetolewa, mpya yenye skrini imewekwa, kisha mpya inakata dijonteri (swichi kubwa ya kukata umeme) radi ikilia, au seksioneri (swichi ya visu ya kutenga laini) ikifunguliwa, au mlinzi akibonyeza Motorola yake karibu na mlango. Jibu ambalo watu hupewa haraka ni "tere yako mbovu, ongeza pikee", yaani muungano wako na ardhi ni mbaya, pigilia fimbo nyingine ya chuma. Basi lava inatobolewa, chumvi na makaa vinamwagwa, omu zinashuka kutoka 80 hadi 40, na rele bado inakata.

Kwanza tuelewane kwa nini ya zamani ilikuwa mpole. Sahani ile ni chuma, inahitaji nguvu na makumi ya milisekunde ili isogee. Pigo la umeme la mikrosekunde moja linaipita bila kuigusa. Rele ya elektroniki inaamua kwa volti chache ndani ya chipu, na mikrosekunde moja kwake ni muda mrefu. Watengenezaji wanajua hilo, ndiyo maana kuna kipimo cha IEC 60255-26: wimbi la 1 MHz lenye 2.5 kV kati ya nyaya zote na tere, 1 kV kati ya waya na waya, mapigo ya haraka hadi 4 kV, mawimbi ya redio ya 10 V kwa mita, cheche ya mkono ya 6 kV kwa kugusa. Rele iliyofaulu hapo ina ngozi nene.

Lakini ilifaulu ikiwa imefungwa juu ya bamba la chuma, tere yake sentimita chache. Ukiifunga kwa waya wa kijani na njano wa mita mbili uliozungushwa kama nyoka chini ya tablo, hiyo si rele ile iliyopimwa.

Parazite (mapigo ya umeme yasiyotakiwa) zinatoka wapi? Kubwa kabisa ndani ya kituo ni seksioneri inayofungua bara (vyuma vya kusambaza umeme) zenye volti bila mzigo. Cheche inawaka na kuzima mara mamia kabla visu havijaachana vizuri, na kila kuwaka ni pigo linalotetema kuanzia 100 kHz hadi MHz kadhaa. Bobini za DC zinafuata: bobini ya 110 V ikikatwa bila kinga inaweza kurusha kilovolti kwenye nyaya zake. Kisha redio za mkononi, na hitilafu ya ardhi yenyewe, ambayo inainua volti ya tere ya kabini nzima kwa ghafla. Na radi. Kwetu hii si mzaha: setilaiti ya TRMM (ya kupima mvua na radi) ilihesabu Kabare, mashariki mwa Kongo, mimweko 205 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Sake, hapa jirani, ina 143.

Hesabu ambayo kila mtu aiandike ukutani: waya wa mviringo una karibu mikrohenri 1 kwa kila mita, uwe 6 mm² au 50 mm². Kwenye 50 Hz hiyo si kitu, 0.0003 Ω. Kwenye 1 MHz ni omu 6.3. Kwenye 10 MHz ni omu 63. Sasa pikee yako ya omu 2 iliyofikiwa kwa waya wa mita 15, kwa parazite ya 1 MHz, iko mbali kwa omu 94 na zaidi. Hizo omu 2 rele haizioni kabisa.

---

Kijana_Ndosho (Goma)

Asante mkubwa. Lakini shuleni tunafundishwa tere iwe chini ya kiasi fulani cha omu, la sivyo kazi inakataliwa. Kwenye lava ya Nyiragongo tunafanyaje? Na kama omu hazina kazi kwa rele, ya nini kuhangaika?

---

Fundi_Karisimbi

Usichanganye kazi mbili, kijana wangu. Tere ya ardhini inalinda watu na inapokea radi. Tere ya rele ni kuhakikisha vyuma vyote ambavyo rele inaviona viko kwenye volti moja. Ndege ya uwanja wetu ikiruka haina pikee inayoburuta chini, na elektroniki yake inafanya kazi katikati ya mawingu ya radi. Kinachoiweka salama ni kwamba kila kitu ndani kimefungwa kwenye ganda moja.

Kuhusu lava, fanya hesabu. Pikee ya 1.5 m yenye unene wa 16 mm inatoa takriban 0.6 mara rezistiviti ya udongo. Udongo wa bustani wa 100 Ω·m: omu 60. Mwamba wa 3,000 Ω·m: omu 1,800. Hata pikee kumi hazikuokoi, na juu ya mtiririko wa 2002 hata kuipigilia huwezi, inapinda. Kinachofanya kazi hapa ni kulala badala ya kusimama: shaba tupu ya 50 mm² au bamba la chuma la galva 30 × 3.5 mm, likizunguka jengo lote umbali wa mita 1 kutoka ukuta, ndani ya mtaro wa sm 50 hadi 80 uliojazwa udongo mweusi ulioletwa, uliochanganywa na bentonaiti. Msingi wa jengo ukiwa na vyuma vya zege, viunganishe. Chumvi acha: inaoshwa na mvua ya msimu mmoja na inakula shaba.

---

Yaya_Kampemba (Lubumbashi)

Fundi wa Goma anasema vizuri, lakini msitoke hapa mkidharau omu. Hitilafu ya 50 A kwenye tere ya omu 40 ni 2,000 V juu ya vyuma vyote vya kabini ukilinganisha na mbali. Ndani ya kabini hutaona kitu kama mmeunganisha vizuri. Ila kebo yoyote inayotoka nje, ya simu, ya mita, ya komandi kwenda jengo lingine, inabeba hiyo volti kwenda kwa mtu ambaye hana habari. Hapo hata blindaji (ganda la chuma linalozunguka nyaya za kebo) haisaidii. Hapo weka fibra (kebo ya mwanga, haipitishi umeme). Kwa Lubumbashi tatizo letu ni kinyume: mvua ikianza Novemba tere inasoma vizuri, Septemba udongo mwekundu umekauka kama tofali na kipimo kimeongezeka mara kadhaa. Pima mwisho wa kiangazi, siyo siku mafundi wa ukaguzi wanakuja na mvua imenyesha jana.

Jambo lingine la kwetu: shaba inaibwa. Kwa sehemu zinazoonekana juu ya ardhi tunapendelea galva, na maungio ya ardhini yachomwe kwa unga wa kuyeyusha, yasiwe ya boliti. Mwizi akichukua mita mbili za shaba kati ya tablo na mzunguko wa nje, hakuna taa itakayozima. Utajua siku rele itakapokata.

---

Fundi_Karisimbi

Sawa kabisa yaya, na hiyo ya fibra nitaichukua.

Tuingie kwenye tablo yenyewe. Kazi inakwenda hivi, na mpangilio una maana:

Bareti (ubapa) ya shaba, 25 × 5 mm, inapita chini ya tablo yote, imefungwa moja kwa moja kwenye fremu kwa boliti angalau kila mwisho. Rangi inakwanguliwa hadi chuma king'ae. Rondela ya meno pekee haitoshi kwa rangi ya unga ya siku hizi, ni nene. Bamba ambalo rele inakaa juu yake liwe galva lisilopakwa rangi. Kama limepakwa, kwangua kuzunguka kila boliti.

Kutoka skrubu ya tere ya rele hadi bamba au bareti tumia trese bapa (mkanda wa shaba uliosukwa), siyo waya. Kipimo cha mkono: urefu usizidi mara tano ya upana. Trese ya upana wa sm 3 isizidi sm 15. Sababu ni ngozi ya shaba: kwenye 50 Hz umeme unaingia ndani mm 9, kwenye 1 MHz unabaki mm 0.07 juu juu. Unalipia sura, siyo uzito.

Kila rele na trese yake hadi bareti. Usiunganishe rele ya pili kupitia ya kwanza, ya tatu kupitia ya pili. Mlango: trese mbili, juu na chini, maana bawaba zina grisi na rangi. Tablo na tablo jirani: bareti zao ziungane, na fremu zao zifungane kwa boliti sehemu tatu au nne. Kisha bareti yote iende kwenye mzunguko wa jengo kwa njia mbili tofauti, 50 mm² kila moja.

Waya wa kijani na njano wa usalama unabaki palepale. Trese haiondoi wajibu wake.

---

Dada_Volti (Bukavu)

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe: blindaji ya kebo ifungwe upande mmoja au pande zote mbili? Kuna wazee wanaapa kwamba pande mbili ni kosa la mwanafunzi.

---

Fundi_Karisimbi

Wazee hawakukosea, walikuwa wanazungumzia parazite nyingine. Upande mmoja unatosha kuzuia mvuto wa kapasiti wa 50 Hz: kebo ya 15 kV jirani inasukuma umeme kidogo kwenye blindaji, blindaji inaupeleka ardhini, basi. Kwa vipimo vya polepole na vidogo, 4–20 mA, sondi za joto, hiyo ni sahihi na inazuia mzunguko wa 50 Hz.

Lakini pigo la seksioneri au radi linaingia kwa sumaku. Ili blindaji izuie sumaku lazima umeme uweze kutiririka ndani yake kutoka mwisho hadi mwisho, uunde sumaku ya kupinga. Upande mmoja ukiwa wazi hakuna mtiririko, hakuna kinga. Tena kwenye MHz kadhaa ule mwisho ulio wazi unakuwa antena. Kwa hiyo kebo za TC (transfo za kupima ampere), TP (za kupima volti), komandi na ishara zinazotoka kwenye uwanja wa seksioneri kuja kwenye rele: pande zote mbili.

---

Yaya_Kampemba

Na hapo ndipo blindaji zinapoungua, tuseme ukweli. Pande mbili bila kondakta sambamba ni hatari. Mfano wa hesabu: kebo ya mita 100, blindaji ya karatasi ya alumini yenye waya wa kutolea wa 0.5 mm². Waya huo ni omu 3.6. Hitilafu ikileta tofauti ya 100 V kati ya ncha mbili, unapitisha 28 A kwenye waya mwembamba kuliko wa spika. Dijonteri isipokata ndani ya sekunde nne hivi, plastiki inaanza kulainika na nyaya za TC zinaungana ndani.

Dawa: laza shaba tupu ya 70 mm² kwenye mtaro uleule, ikigusana na shemini (njia ya chuma) ya kebo, imefungwa kwenye tere za pande zote mbili. Mita 100 zake ni miliomu 25. Kwa rezistansi tupu inabeba mara 140 ya ule waya, na ile tofauti ya 100 V yenyewe inaporomoka. Shemini ya chuma yenye kuta, iliyoungana bila kukatika, inasaidia pia. Iliyokatwa mlangoni na kuendelea upande wa pili wa ukuta bila trese haisaidii.

---

Dada_Volti

Asante yaya. Niongeze moja mnaloliacha nyote: namna ya kufunga. Blindaji nzuri inaharibiwa na sm 10 za mwisho. Fundi anaivua kebo sm 30, anasokota wavu kama mkia wa nguruwe, anaweka kose (kichwa cha waya), anaipeleka kwenye bornieri (mstari wa viunganishi) katikati ya tablo. Mkia wa sm 20 ni mikrohenri 0.2. Pigo la 10 A linalopanda ndani ya nanosekunde 10 linazaa 200 V juu ya huo mkia, na hizo 200 V ziko mlangoni mwa rele.

Fanya hivi: presetupa (kizibo kinachobana kebo) ya chuma yenye chemchemi inayoshika blindaji pande zote, juu ya bamba la chini lisilo na rangi. Kama presetupa hiyo haipatikani Bukavu wala Goma, vua ganda la nje sm 3 pale kebo inapoingia, acha wavu mzima, ubane kwa kola ya chuma nusu duara juu ya bareti. Kola ya bomba la maji ya galva inafanya kazi, ila usibane hadi ukate insulesheni. Karatasi ya alumini usiibane peke yake, inachanika. Bana pamoja na waya wake wa kutolea.

Kebo ya 4–20 mA inayopita uwanjani: nunua yenye blindaji mbili. Ya ndani tere upande wa tablo tu, ya nje pande zote. Ukikosa, moja tu, funga upande wa tablo na upande wa pili upitishe kwenye kondansateri ya 10 nF ya volti ya juu. Kwa 50 Hz imefunguka, kwa MHz imefunga.

---

Kijana_Ndosho

Kuna kabini ambayo tere na blindaji zote ziko namna hii, lakini rele inaandika "ingizo 3 ON" halafu OFF, mara ishirini kwa usiku. Ingizo hilo ni la Buchholz ya transfo (kifaa kinachohisi gesi ndani ya mafuta yake), waya wa mita 500 kutoka kituo kingine. DC ni 110 V. Hakuna gesi ndani ya Buchholz.

---

Fundi_Karisimbi

Angalia muda wa kila tukio kwenye kumbukumbu ya rele kabla ya kugusa bisibisi. ON ya milisekunde 1 hadi 5 ni parazite. Zaidi ya 20 ni mgusano wa kweli au ni 50 Hz inayodunda.

Mita 500 ni ndefu sana kwa ingizo. Kebo kama hiyo ina karibu mikrofaradi 0.2 kwa kilomita kati ya waya na waya, basi 0.1 µF. Kwenye 50 Hz hiyo ni omu 32,000. Kama ndani ya kebo hiyo hiyo kuna waya wa 230 V AC wa taa au hita, unasukuma hadi 7 mA kwenye waya wa Buchholz ulio wazi. Ingizo la opto linataka 1 hadi 3 mA. Limeshawaka. Dawa ya kwanza: AC na DC zisikae kebo moja, kamwe.

Ya pili ni kizingiti. Bateri ya 110 V inaelea, haina tere, na kidhibiti cha insulesheni kinaishika katikati: +55 na −55. Waya wa ingizo ukigusa tere mahali popote, ingizo linaona 55 V, mara moja, kupitia kapasiti ya mtandao wote wa DC. Rele nyingi zinatoka kiwandani na kizingiti cha 24 V ili ziuzwe kwa kila mtu. Kwa 24, hizo 55 V ni amri ya kukata! Peleka kizingiti kati ya 66 na 77 V, asilimia 60 hadi 70 ya 110. Kuna rele zinazobadilishwa kwa programu, nyingine zina kijumpa ndani ya kadi. Soma kitabu chake.

Ya tatu: kichujio cha ingizo. Milisekunde 10 kinakula nusu wimbi la 50 Hz, 20 kinakula wimbi zima. Kwa Buchholz unaweza kumudu 20. Kwa amri ya kukata kutoka rele nyingine fikiri kwanza, kila milisekunde unaongeza kwenye muda wa hitilafu. Ya nne, kama bado: rezistansi sambamba na ingizo ili lihitaji umeme zaidi. Kwa 110 V, 10 kΩ inakula 11 mA na inatoa joto la wati 1.2. Weka ya wati 5 au zaidi, isiguse nyaya.

---

Dada_Volti

Na waya wa kwenda na wa kurudi wakae kebo moja. Nimeona michoro ambapo chanya ya Buchholz inakuja kwenye kebo A na kurudi kwenye kebo C kwa sababu "kulikuwa na waya wa ziada". Kati ya kebo hizo mbili umejenga fremu ya antena ya mita 500. Vivyo hivyo TC: awamu tatu na neutro kebo moja, wala usiazime neutro ya seli (sanduku la laini moja) jirani. Umbali na kebo za nguvu sm 30 angalau, na zikikutana zivukane kwa pembe mraba.

---

Yaya_Kampemba

Bobini, kwa sababu hapo ndipo parazite inazaliwa ndani ya tablo yako mwenyewe. Kila bobini ya DC iwe na kinga juu ya miguu yake, siyo kwenye bornieri mita tatu mbali.

Diodi 1N4007 (1 A, 1,000 V), upande wenye mstari kwenye chanya. Ni rahisi, ila inachelewesha kuachia kwa mara kadhaa, kwa hiyo usiiweke kwenye bobini ya kukata wala kwenye rele ambayo muda wake wa kurudi unahesabiwa. Ukiigeuza, fyuzi inakatika na unagundua siku ya kuhitaji. Kwa bobini hizo za kukata tumia varista (kijenzi kinachomeza volti inayozidi). Kumbuka bateri ya 110 V ya seli 55 ikichajiwa kwa nguvu, 2.4 V kwa seli, inafika 132 V. Chukua varista ya AC 130 V, ambayo kwa DC inavumilia karibu 170. Ya AC 95 V itakufa polepole na kuacha moshi.

Kontakteri za 230 V AC: rezistansi 100 Ω na kondansateri 0.1 µF ya aina X2 mfululizo, juu ya bobini. Kondansateri ya redio ya kawaida usiweke, inashika moto.

Upande wa shajeri weka parafudre (kikinga radi) ya aina ya 2. Urefu wa waya zake zote pamoja, fazi hadi parafudre na parafudre hadi bareti, usizidi sm 50. Radi ya 10 kA kwa mikrosekunde 8 juu ya nusu mita inaongeza 600 V hivi ambazo parafudre haiwezi kuzizuia. Nyaya zinazoning'inia kwa uzuri kwenye kanali ndizo zinazoua shajeri.

---

Kijana_Ndosho

TC nazo zinawekewa tere wapi? Nimekuta michoro yenye tere uwanjani na nyingine kwenye tablo, mwenye mchoro anasema "mbili ni bora kuliko moja".

---

Fundi_Karisimbi

Kwa TC moja ni bora kuliko mbili, na mbili ni mbaya kuliko unavyodhani. Hapa usifuate kanuni ya blindaji. Waya wa 2.5 mm² wa mita 50 ni omu 0.36. Hitilafu ikileta 20 V tu kati ya tere ya uwanja na tere ya tablo, makumi ya ampere yanapita kwenye neutro, na yakipita kwenye ingizo la Io (linalopima umeme unaovuja ardhini) rele inakata seli nzima isiyo na kosa. Tere moja kwa kila kundi la TC, kwenye tablo, mahali pa kijumpa (kiungo kidogo) kinachoonekana na kuondolewa. TP vilevile. Rele za kidijitali zinatenganisha kila kundi kwa transfo yake ndogo ya ndani, kwa hiyo kila kundi lina tere yake moja. Diferensiali ya zamani (rele inayolinganisha umeme unaoingia na unaotoka) ambayo TC zake zimeunganishwa kwa waya, zote zina moja tu.

Kuhakikisha: dijonteri wazi, msingi (upande wa TC wenye umeme mkubwa) umekatwa na kuwekwa tere, ondoa kijumpa, unganisha nyaya zote za kundi pamoja, pima insulesheni kwa 500 V. Chini ya 1 MΩ kuna tere ya pili imejificha, mara nyingi ndani ya sanduku la TC. Kamwe usiondoe kijumpa msingi ukiwa na umeme, na kamwe usifungue sekondari ya TC yenye mzigo.

Mistari ya mawasiliano nayo, haraka: RS-485 waya wa kusokotwa wa 120 Ω, rezistansi ya 120 Ω kila mwisho, waya wa tatu wa marejeo, na nje ya jengo ni fibra kama yaya alivyosema. RS-232 mwisho mita 15.

---

Dada_Volti

Redio ya mkononi: wati 5 inatoa karibu 16 V kwa mita ukiwa umbali wa mita 1, na 31 ukiwa nusu mita. Rele ilipimwa kwa 10. Mlango wa tablo ukifunguliwa ndio kabisa. Hata ukifungwa, mwanya wa mlango wa mita 1 uliopakwa rangi pande zote ni antena iliyolingana na 150 MHz, maana nusu wimbi ni mita 1. Weka vidole vya chemchemi au boliti za kukaza kila sm 20 hadi 30, juu ya chuma kisicho na rangi. Na andika mlangoni kwamba hakuna kubonyeza redio ndani ya mita 2.

---

Kijana_Ndosho

La mwisho bakubwa, halafu nikalale. Nikikwangua rangi, kwetu moshi wa Nyiragongo unaleta mvua ya asidi, miezi sita chuma kimeota kutu chini ya kose na kazi imerudi sufuri. Grisi inawekwa kabla au baada ya kukaza?

---

Fundi_Karisimbi

Kabla. Kwangua hadi kung'aa, paka grisi ya maungio ya umeme au vazelini safi, nyembamba kabisa, kaza papo hapo usiache hadi kesho. Boliti ya M8 ya chuma, 20 Nm. Shinikizo linaisukuma grisi nje pale chuma kinapogusana na inabaki pembeni kuzuia maji. Kisha rangi juu ya maungio yote, baada ya kukaza. Shaba juu ya galva usiguse moja kwa moja, tia rondela iliyopakwa bati katikati.

Pima kwa miliomumita kati ya kose na bareti siku hiyo hiyo, andika ndani ya mlango kwa marka. Mvua za Septemba zikianza, pima tena palepale. Ukiwa na pinsi ya mA (koleo la kupima umeme bila kukata waya), zungusha pia kwenye kila blindaji: yenye sufuri kamili wakati jirani zake zina mA kadhaa imekatika mahali.